Chumvi Moja, Vipimo Kumi: Haja ya Kaida za Pamoja katika Maabara

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii hutajwa aghalabu katika harambee na mikutano ya vijiji, lakini ni nadra kuisikia ikitajwa katika mijadala ya sayansi. Wengi wetu tumezoea kumwaza mwanasayansi kuwa mtu mmoja mwenye kipaji, aliyejifungia chumbani mwake hadi siku atakapotoka na ugunduzi mkononi. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba katika uwanja mmoja wa sayansi, yaani upimaji wa kielektrokemia ndani ya chumvi zilizoyeyushwa kwa joto, taswira hiyo ya mtafiti mpweke inaleta hasara. Ninashikilia kwamba vipimo vya uwanja huo haviwezi kumfaa mtu mwingine ila maabara zikubaliane juu ya kaida za pamoja za kutayarisha chumvi, kupima na kuripoti. Ninashikilia pia kwamba jambo hili ni suala la haki, kwa kuwa ujuzi usioandikwa huwanufaisha wale tu waliozaliwa karibu nao.

Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akauliza: haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, takriban kila sufuria ya alumini iliyomo jikoni mwetu ilianza safari yake ndani ya chumvi iliyoyeyushwa. Pili, sisi wapenzi wa Kiswahili tumedai kwa miaka mingi kwamba lugha yetu ina uwezo wa kubeba sayansi na teknolojia. Dai la namna hiyo huthibitishwa kwa kuieleza sayansi yenyewe kinagaubaga, hata pale inapokuwa ngumu.

Chumvi ipi inayozungumziwa?

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu maana. Neno "kuyeyuka" katika Kiswahili lina mtego wake. Chumvi inapotiwa ndani ya maji ikapotea machoni, twasema imeyeyuka. Barafu inapogeuka maji, twasema vilevile kuwa imeyeyuka. Kwa mwanakemia hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Katika makala hii, chumvi iliyoyeyushwa ni ile iliyogeuka kiowevu kwa nguvu za joto tupu, bila hata tone la maji.

Chumvi ya mezani huyeyuka hivyo inapofikia nyuzi 801 za Selsiasi. Hata hivyo, chumvi mbili zikichanganywa kwa uwiano ufaao, huyeyuka mapema kuliko kila moja ikiwa peke yake. Mathalani, mchanganyiko wa kloraidi ya lithiamu na kloraidi ya potasiamu huyeyuka kwenye nyuzi 355 hivi, ilhali kloraidi ya lithiamu pekee huhitaji zaidi ya nyuzi 600. Kiowevu kinachopatikana ni ayoni tupu, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na kwa hiyo hupitisha umeme vizuri sana.

Manufaa yake si haba. Mnamo mwaka 1886, vijana wawili waliozaliwa mwaka mmoja wa 1863, Charles Martin Hall nchini Marekani na Paul Héroult nchini Ufaransa, waligundua kila mmoja kivyake jinsi ya kupata alumini kwa kupitisha umeme ndani ya madini ya kriolaiti yaliyoyeyushwa, yakiwa yamebeba oksidi ya alumini. Njia hiyo ndiyo iliyoifanya alumini, iliyokuwa metali ya anasa, kuwa chombo cha kila jiko. Nchini Morocco, kituo cha Noor kilichoko Ouarzazate huhifadhi joto la jua ndani ya chumvi za nitreti ili umeme uendelee kupatikana baada ya magharibi. Katika jimbo la Idaho, Marekani, tangu mwaka 1996 fueli iliyokwisha kutumika katika kinu cha nyuklia imekuwa ikisafishwa kwa umeme ndani ya ule mchanganyiko wa kloraidi za lithiamu na potasiamu. Fauka ya hayo, vipo vinu vya nyuklia ambamo fueli yenyewe huyeyushwa ndani ya chumvi. Kimoja kilifanya kazi katika maabara ya Oak Ridge, jimboni Tennessee, kati ya mwaka 1965 na 1969, na kingine cha majaribio kilianza mmenyuko wake mwaka 2023 katika mkoa wa Gansu nchini Uchina.

Funzo la Faraday

Kaida za pamoja si jambo geni katika elektrokemia. Taaluma hiyo ilizaliwa nazo. Mnamo mwaka 1834, Michael Faraday wa Royal Institution jijini London alikuwa akichunguza jinsi umeme unavyotenganisha viambato vya kemikali. Baadhi ya majaribio yake aliyafanya ndani ya chumvi zilizoyeyushwa kwa moto, zikiwemo kloraidi ya bati na kloraidi ya risasi. Alikabiliwa na matatizo mawili.

Tatizo la kwanza lilikuwa la kipimo. Kila mtafiti alikuwa na betri yake, na ilikuwa vigumu kulinganisha umeme wa huyu na wa yule. Faraday akatumia chombo kilichopima kiasi cha umeme kwa ujazo wa gesi zinazotoka maji yanapotenganishwa. Akakiunganisha chombo hicho kwa mfululizo na kile chenye chumvi, ili umeme uleule upite kote kuwili. Yeyote aliyekuwa na maji, platini na bomba la kioo lenye alama za ujazo angeweza kuunda chombo kama hicho na kumhakiki Faraday mwenyewe.

Tatizo la pili lilikuwa la lugha. Istilahi zilizokuwapo zilibeba nadharia ambazo Faraday hakuziamini. Akamwandikia William Whewell, msomi wa Cambridge aliyekuwa hodari wa kuunda istilahi kutokana na lugha ya Kiyunani, akimwomba ushauri. Ni katika barua hizo ndipo Whewell alipopendekeza maneno anodi, kathodi na ayoni, ambayo hutumiwa hadi leo katika lugha nyingi za dunia, Kiswahili kikiwemo. Naomba msomaji azingatie jambo hili: mwanasayansi mkuu wa enzi yake aliona kuwa kazi yake haikamiliki bila msaada wa mtu wa lugha. Chombo ambacho kila mtu anaweza kukiunda na neno ambalo kila mtu analielewa ndivyo vilivyokuwa msingi wa taaluma hiyo.

Makosa huingilia wapi?

Ikiwa msingi huo uliwekwa zamani hivyo, mbona maabara mbili zinazopima chumvi moja hupata majibu yasiyolingana? Nitataja milango minne ambayo makosa hupitia.

Mlango wa kwanza ni elektrodi ya marejeleo. Volteji haipimwi peke yake. Hupimwa kuanzia nukta fulani, kama vile kimo cha mlima kinavyopimwa kuanzia usawa wa bahari. Mtu akisema kuwa Mlima Kenya una mita 5,199, sote twafahamu ameanzia baharini. Angeanzia Nanyuki, angepata hesabu nyingine, nayo ingekuwa ya kweli kwa njia yake, lakini isingeweza kulinganishwa na kimo cha Kilimanjaro kilichopimwa kuanzia Moshi. Katika maji, wanakemia wamekubaliana juu ya elektrodi ya haidrojeni kuwa ndiyo sifuri yao. Katika kloraidi zilizoyeyushwa, wengi hutumia waya wa fedha uliotumbukizwa katika chumvi yenye kloraidi ya fedha, vyote vikiwa ndani ya bomba la kioo au la kauri. Taabu ni kwamba huyu hutia kloraidi ya fedha kidogo, na yule hutia nyingi. Kwa mujibu wa mlinganyo wa Nernst, kiasi hicho kikizidi mara kumi, volteji ya elektrodi husogea kwa takriban milivolti 153 katika joto la nyuzi 500. Katika joto la kawaida la chumba, badiliko hilohilo lingeleta milivolti 59 tu. Joto kali, kwa hivyo, hukuza kosa ambalo katika maji lingekuwa dogo.

Hali ni mbaya zaidi katika floraidi, kwa sababu floraidi iliyoyeyushwa hula kioo na kauri nyingi. Baadhi ya watafiti hulazimika kutumia waya mtupu wa platini kama marejeleo. Waya huo hauna mmenyuko maalumu unaoishikilia volteji yake, na kwa hiyo yaweza kusogea asubuhi hadi jioni bila mtu kutambua. Anayepima kwa waya huo ni kama anayepima mlima kuanzia sitaha ya jahazi wakati maji yanapojaa na kupwa.

Mlango wa pili ni eneo la elektrodi. Hesabu nyingi za elektrokemia humtaka mpimaji ajue ni eneo kiasi gani la elektrodi lililogusana na chumvi. Katika bilauri ya maji, mtu hutazama tu. Ndani ya tanuri haonekani mtu wala kitu, na chumvi nayo hupanda kidogo kandokando ya waya. Chukua waya wenye kipenyo cha milimita 1, uliozamishwa milimita 10. Mpimaji akikosea kina kwa milimita moja tu, eneo hukosewa kwa takriban asilimia 10. Kisha anapokokotoa kizigeu cha usambaaji, yaani kiasi kinachoonyesha wepesi wa ayoni kusambaa ndani ya chumvi, eneo hilo huingia katika hesabu likiwa limezidishwa kwa lenyewe. Kosa la asilimia 10 hugeuka kuwa la asilimia 20 hivi. Ipo dawa rahisi: kuzamisha waya hatua kwa hatua kwa urefu unaojulikana, kupima mkondo wa umeme katika kila hatua, na kutumia tofauti za vipimo badala ya kubahatisha kina chenyewe. Dawa hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji tu mtu aambiwe.

Mlango wa tatu ni uteuzi wa mlinganyo. Mnamo mwaka 1948, Randles na Ševčík walitoa, kila mmoja kivyake, mlinganyo unaohusisha kilele cha mkondo wa umeme na usambaaji wa ayoni. Mlinganyo huo unafaa pale ambapo kinachoingia katika mmenyuko na kinachotoka vyote vinabaki ndani ya kiowevu. Lakini katika chumvi zilizoyeyushwa, mara nyingi kinachotoka ni metali inayoganda juu ya elektrodi. Kwa hali hiyo, Berzins na Delahay walitoa mlinganyo mwingine mwaka 1953. Milinganyo hii miwili inafanana kama pacha, isipokuwa nambari moja: wa kwanza una 0.4463, wa pili una 0.6105. Anayetumia wa kwanza pahali pa wa pili hupata kizigeu cha usambaaji kilichozidi kile sahihi kwa takriban asilimia 87. Mtafiti asipotaja mlinganyo alioutumia, msomaji hana njia ya kurekebisha.

Mlango wa nne, na huenda ndio mpana kuliko yote, ni usafi wa chumvi. Kloraidi ya lithiamu hufyonza unyevu wa hewa kwa pupa. Ikipashwa joto ikiwa na unyevu huo, sehemu yake hugeuka hidroksidi na oksidi, na hizo hukamata ayoni za metali na kuzizamisha chini ya chungu. Mtafiti anayedhani ametia gramu moja ya metali ndani ya chumvi huenda anapima nusu yake. Ndiyo maana maabara nyingi hukausha chumvi hatua kwa hatua katika ombwe, au huipitishia gesi ya kloridi ya haidrojeni, na kuihifadhi katika kisanduku cha glavu kilichojaa gesi ya agoni. Hata hivyo, ripoti ya kazi hiyo yote huweza kufupishwa kwa sentensi moja: "chumvi ilikaushwa kabla ya kutumiwa." Kwa muda gani? Kwa joto gani? Unyevu uliosalia ni kiasi gani? Sentensi hiyo haisemi.

Gharama ya kosa

Huenda mtu akasema kuwa milivolti chache si kitu. Tutazame kinu cha Oak Ridge. Floraidi iliyoyeyushwa huelekea kuitoa kromiamu kutoka katika kuta za metali zinazoihifadhi. Nguvu ya kuharibu hutegemea uwiano wa aina mbili za ayoni za uraniamu zilizomo, zile zenye chaji ya 4 na zile zenye chaji ya 3. Wahandisi wa kinu hicho walikuwa wakitumbukiza fito za beriliamu ndani ya chumvi ili kuurekebisha uwiano huo. Sasa, tuseme mtu anataka kuujua uwiano huo kwa kupima volteji katika nyuzi 650. Kosa la milivolti 55 tu litamfanya audhani kuwa maradufu au nusu ya ulivyo. Kosa la milivolti 183 litamfanya akosee mara kumi. Tumekwisha kuona kuwa tofauti ya kiasi cha kloraidi ya fedha peke yake yaweza kuleta kosa la kiwango hicho. Kuta za chombo kilichobeba uraniamu hazisomi makala zetu. Huliwa au haziliwi kulingana na hali halisi ya chumvi.

Kadhalika, panaposafishwa fueli iliyotumika, ni lazima ijulikane kiasi cha uraniamu na plutoniamu kilichomo ndani ya chumvi, ili lisipotee hata fungu dogo katika mikono isiyostahili. Wapo watafiti wanaotumaini kuwa vipimo vya umeme vitatoa hesabu hiyo papo kwa papo. Matumaini hayo ni mazuri, lakini mizani isiyokubaliwa na mnunuzi na mwuzaji haiwezi kuamua bei sokoni, sembuse kuamua usalama wa mataifa.

Iko gharama nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ndiyo inayonigusa zaidi. Ustadi wa kazi hii kwa kiasi kikubwa hurithishwa kwa mdomo na kwa mkono. Mwanafunzi aliyeko katika maabara kubwa huonyeshwa na mwenzake jinsi ya kuziba bomba la elektrodi, jinsi ya kutambua kwa rangi kwamba chumvi imechafuka, na jinsi ya kujua kuwa waya umegusa uso wa kiowevu. Mwanafunzi aliyeko katika chuo kisicho na mila hiyo, awe Eldoret, Kampala au Lubumbashi, hana budi kuanza upya na kuharibu miezi kadhaa kwa makosa ambayo wengine walikwisha kuyafanya na kuyasahau. Ataambiwa kuwa hana vifaa. Ukweli ni kwamba mara nyingi kinachokosekana kwanza ni ukurasa mmoja wa maelezo.

Kaida zinazofaa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nionavyo, daftari la uwanja huu lapaswa kuwa na mambo manne.

Mosi, kila ripoti iambatane na jedwali fupi la lazima: chumvi ilitoka wapi na ilisafishwaje, unyevu na oksijeni katika gesi ya kisanduku vilikuwa kiasi gani, joto lilipimwa ndani ya chumvi au nje ya chungu, chungu kilikuwa cha nini, eneo la elektrodi lilipatikanaje, na mlinganyo upi ulitumika, kwa sababu gani. Wahariri wa majarida ya kemia wana uwezo wa kulidai jedwali hilo, na makala isiyokuwa nalo irudishwe kwa mwandishi.

Pili, volteji isiripotiwe kwa marejeleo ya nyumbani pekee. Katika chumvi ileile, mtafiti apime pia alama inayojulikana na wote, kwa mfano volteji ambapo lithiamu ya chumvi yenyewe huanza kuganda, au ile ya gesi ya klorini. Apime mwanzoni na mwishoni mwa kazi. Zikitofautiana, msomaji atajua marejeleo yamesogea kwa kiasi gani. Kazi hiyo huchukua dakika chache.

Tatu, maabara zifanye majaribio ya ulinganishi. Maabara moja isafishe chumvi nyingi kwa mkupuo mmoja, iigawe katika vichupa vilivyozibwa, na kuvipeleka kwa wengine. Kila mmoja apime kitu kilekile bila kujua majibu ya wenzake, kisha majibu yote yachapishwe, mazuri na mabaya. Ayoni za europiamu zingefaa kwa kuanzia, kwa kuwa hubadilika kati ya chaji ya 3 na ya 2 zikiwa bado ndani ya kloraidi za lithiamu na potasiamu, bila kuganda. Ayoni za fedha nazo zingefaa kwa upande wa metali inayoganda. Wazo hili lina mfano wa kuigwa. Mnamo mwaka 1980, George Janz, aliyeendesha kituo cha data za chumvi zilizoyeyushwa katika Rensselaer Polytechnic Institute, alichapisha thamani za nitreti ya potasiamu na kloraidi ya sodiamu ili zitumiwe na wote kuhakiki vipimo vyao vya uzito kwa ujazo, mkazo wa uso, mnato na upitishaji wa umeme. Kazi hiyo haikugusa volteji za elektrodi wala usambaaji wa ayoni. Inafaa iendelezwe hadi huko.

Nne, data ghafi zitolewe pamoja na makala, na majaribio yaliyoshindikana yaandikwe. Mficha uchi hazai. Wanakemia wanaochunguza maumbo ya fuwele walikubaliana tangu mwaka 1991 juu ya muundo mmoja wa faili za data zao, na leo mwanafunzi yeyote aweza kufungua kazi ya mwingine na kuikagua. Ripoti nyingi za Oak Ridge nazo zilitolewa hadharani, na watafiti waliozaliwa baada ya kinu hicho kuzimwa bado wanaanzia kwazo. Kilichoandikwa kwa uwazi huwafaa hata wale ambao mwandishi hakuwawazia.

Pingamizi na majibu yake

Zipo pingamizi ambazo haifai kuzipuuza. Ya kwanza husema kuwa kaida huua ubunifu. Wanafunzi wa Kiswahili tunaijua hoja hii vizuri. Kongamano la Mombasa la mwaka 1928 lilipoteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, wapo waliolalamika kuwa Kimvita, lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi, imeonewa. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na hadi leo yanatufunza kwamba usanifishaji unaotoka juu, bila kuwashirikisha wenye lugha, huacha majeraha. Lakini yanatufunza jambo jingine pia. Mshairi wa Mombasa hakuacha kutunga kwa Kimvita, na msomaji wa Dodoma anaweza kumfuata maadamu anajua ni lahaja gani anayoisoma na ana kamusi ya kuvukia. Ndivyo iwavyo katika maabara. Hatumlazimishi mtu kutumia elektrodi ya aina moja. Tunamtaka ataje aliyotumia, na atoe daraja la kuvukia kutoka kwake hadi kwa wengine. Kaida hizo zitungwe na wapimaji wenyewe, wakubwa kwa wadogo.

Pingamizi la pili hutoka kwa wenye viwanda. Wao husema wamewekeza fedha nyingi na hawawezi kumwaga siri zao. Ni haki yao kuficha chumvi watakayoiuza na chombo watakachokiunda. Lakini namna ya kupima volteji kwa usahihi si bidhaa ya mtu. Mfanyabiashara huficha bei aliyonunulia, wala hafichi kilo ina gramu ngapi. Isitoshe, mwenye kiwanda ndiye wa kwanza kuumia anapounda mtambo kwa kutegemea nambari isiyo sahihi aliyoiokota katika makala ya mwingine.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi. Je, kaida kali hazitageuka lango la kuwafungia nje maskini, wasio na kisanduku cha agoni cha bei kubwa? Hatari hiyo ipo. Kwa sababu hiyo, nasisitiza tofauti kati ya kaida ya kuripoti na kaida ya kumiliki. Mtafiti mwenye vifaa duni, akieleza kwa uaminifu kuwa chumvi yake ilibakiwa na unyevu wa kiasi fulani, ametoa kitu ambacho wenzake wanaweza kukitumia. Mwenye vifaa vya fahari asiyeeleza chochote ametoa uvumi. Mhakiki apime uaminifu wa maelezo kabla ya thamani ya mtambo.

Wajibu wetu na hitimisho

Je, mwanafunzi wa Kiswahili ana sehemu gani katika haya? Anayo, na Whewell alikwisha kumwonyesha njia. Kaida haziwezi kushirikiwa bila maneno yanayoeleweka kwa namna moja. Tumeona jinsi "kuyeyuka" kunavyobeba maana mbili. "Volteji", "kani ya umeme" na "nguvu ya umeme" nazo hutumiwa ovyo, hata katika vitabu vya shule, kana kwamba ni kitu kimoja. Vyama vya Kiswahili vyuoni viketi na wenzao wa idara za kemia na fizikia, viandae orodha fupi za istilahi zenye ufafanuzi, na viziweke mbele ya wanaozitumia ili wazikatae au wazikubali. Kamusi iliyotungwa bila kuingia maabara ni sawa na kipimo kilichochukuliwa bila marejeleo: huenda ni sahihi, lakini hakuna ajuaye.

Kwa wahariri wa majarida ya sayansi, ombi langu ni kwamba jedwali la ripoti liwe sharti, kama vile muhtasari wa makala ulivyo sharti. Kwa wakuu wa maabara, ni kwamba kila mwaka mwanafunzi mmoja apewe kazi ya kuandika, kwa lugha nyepesi, mambo ambayo maabara yake huyafanya bila kuyaandika, na maandishi hayo yawekwe mahali ambapo yeyote atayasoma. Kwa wanafunzi wenzangu watakaoingia katika taaluma hii, ni kwamba wasione haya kuuliza "ulianzia wapi kupima?" kila wanapoonyeshwa nambari.

Vipimo kumi vya chumvi moja, visivyo na mahali pa kukutania, haviongezi maarifa. Vipimo viwili vinavyoeleza vilikotoka vyatosha kumwezesha wa tatu kuanza. Huyo wa tatu huenda yuko katika chuo ambacho hakijawahi kuyeyusha hata gramu moja ya kloraidi ya lithiamu. Akipata daftari lililoandikwa vyema, ataanza pale wenzake walipofika.